Uso wa Gari la Zamani

BARAZANI KIMIHURURA
Na Hamisi Rukundo

Mwenye gari la zamani, akitaka kulifufua, aghalabu huanza kwa injini, akaja kwenye mabati, kisha rangi. Ama mapambo ya plastiki, yaani grili, nembo, mikanda ya ubavuni na fremu za dashibodi, hayo huyaacha hata mwisho, fedha zimekwisha na subira imepungua, na ndipo fundi anapopewa kopo la rangi nyeusi aufunike uchakavu wote kwa siku moja. Desturi hiyo naipinga kwa moyo wote. Apitaye njiani haioni injini. Aonacho ni uso, na uso wa gari lililoundwa tangu miaka ya 1970 umo katika plastiki, katika vile vijifereji na vijistari vyembamba ambavyo rangi nzito ikivijaza mara moja, ni taabu kubwa kuvipata tena.

Jirani yangu mmoja hapa Kimihurura, mjini Kigali, kwenye mojawapo ya zile njia za mawe ziteremkazo bondeni, anayo Toyota Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Mabati yake mazima, lakini grili ilikuwa imepauka ikawa na unga mweupe wenye kushika kidoleni, pembe moja imekatika, na mistari ya rangi ya fedha imebaki vipande vipande. Watu wa Kigali hupenda kusema kwamba hali yetu ya hewa haina madhara, kwa kuwa joto letu ni la wastani. Kumbe kiharibucho plastiki zaidi ni mwanga, na mji ulioko takriban mita 1,500 juu ya bahari, tena usiofika digrii 2 kusini ya ikweta, hupokea mwanga mkali kuliko Mombasa au Unguja, ijapokuwa mwili hauhisi. Mwanga huo hukata minyororo ya chembe iliyoishikamanisha plastiki, na masizi yaliyochanganywa humo kiwandani ili kuitia weusi na kuikinga, hubaki chini ya unga. Mwenye kupaka mafuta ya taa au oili juu ya unga huo hupata mng'ao wa siku mbili tatu, kisha vumbi jekundu likaganda pale pale.

Yuko atakayeuliza kwa nini mtu asinunue kipande kingine. Mwenzetu wa Kampala huenda soko la Kisekka, wa Nairobi huenda mtaa wa Grogan, akafukua katika marundo ya spea hata akapata. Nasi kwa grili na nembo twaweza kuagiza huko huko. Lakini Rwanda twaendesha upande wa kulia na usukani wetu uko kushoto, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania ni kinyume, kwa hiyo dashibodi iliyotolewa katika gari la Kampala, hata likiwa la mwaka ule ule, haiingii katika gari lililoundwa kwa barabara zetu. Kipande cha dashibodi kikivunjika hapa, kukitengeneza ndiyo njia iliyo karibu.

Na kutengeneza kuna elimu yake. Pambo lisiguswe asubuhi, plastiki ingali baridi na kavu. Gari liachwe juani hadi adhuhuri, vibanio vya nyuma vilegee. Nembo iliyoshikizwa kwa gundi haichokolewi kwa bisibisi: hukatwa kwa nyuma kwa uzi wa mshipi, ukivutwa huku na huku polepole. Kisha fundi aijue plastiki aliyo nayo. Akwangue unyoya mdogo mahali pasipoonekana, autie katika bakuli la maji. Ukielea, huenda ni polipropilini, na ukizama, huenda ni ABS, ambayo ndiyo ya grili nyingi. ABS huyeyuka katika asetoni. Kwa hiyo vipande vya grili iliyokufa vikivunjwavunjwa na kulowekwa usiku kucha ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, hutoka rojo zito ambalo si gundi, bali ni plastiki ile ile, na likipakwa ufani, asetoni ikisharuka, pande mbili huwa mwili mmoja. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na moto, maana mvuke wake huwaka upesi. Polipropilini huikataa asetoni katakata. Hiyo huunganishwa kwa chuma cha moto na ukanda wa jinsi yake, na hata rangi haiishiki ila kwa kutanguliziwa dawa yake maalumu.

Baadaye ni msasa wa maji, namba 400, kisha 800, na rangi nyembamba kwa awamu. Jirani yangu aliirudishia grili yake mistari ya fedha kwa utepe na brashi ya nywele chache, mmoja baada ya mmoja, na naona fahari kuitazama.

Kromi ni habari nyingine. Ile ya juu ya plastiki ni matabaka ya shaba, nikeli na kromi, na kuandaa plastiki iyapokee hutumia asidi ya kromi, sumu isiyofaa kuchezewa uani. Kromi iliyofifia, kwa maoni yangu, na iachwe ilivyo, isafishwe kwa sabuni laini. Rangi ya kopo iliyo mfano wa kromi huharibu zaidi.

Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikavifikia vyombo vya kutumiwa mara moja, nami naziunga mkono sheria hizo bila ya kusita. Grili iliyokwisha kukaa barabarani miaka arubaini si ya jamii hiyo. Kwa hiyo nawasihi wenye gereji: vipande vya ABS vilivyovunjika msivitupe jalalani, vitieni ndoo moja, mkiandika juu yake jina la gari vilikotoka, kwa maana yuko mteja atakayekuja kesho na pembe iliyokatika.