Gari lenye taa moja ni hatari kwa afya

“Daktari, nilijua ni bodaboda.” Kauli hii nimeisikia zaidi ya mara moja kutoka kwa majeruhi aliyelazwa kwenye machela, mguu umevunjika. Alikuwa analipita lori usiku, akaona taa moja mbele, akadhani nafasi inatosha. Kumbe lilikuwa gari zima, taa moja imekufa.

Hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Taa ya kulia ikizimika, inayobaki ni ile ya pembezoni mwa barabara. Anayekuja mbele huona pikipiki iliyobana ukingoni, wakati ubavu wa gari uko gizani, karibu kabisa na mstari wa katikati.

Mwenye gari naye haoni vizuri. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukimbia takribani mita 22 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kumtambua mtembea kwa miguu na kukanyaga breki, umeshapita mita 33 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo.

Lakini msikimbilie kumlaumu fundi kila mara. Baadhi ya wanaolalamika kuwa taa za gari “hazioni” wana tatizo la macho. Umri unavyosogea, mboni haitanuki gizani kama zamani, na lenzi ya jicho hupungua uangavu. Mwenye mtoto wa jicho huona taa za magari yanayokuja zikimwagika au kuzungukwa na duara za mwanga. Kisukari na glakoma navyo huharibu uwezo wa kuona usiku. Kama taa zako ni nzima na bado usiku unakushinda, usinunue miwani ya rangi barabarani, kwani hupunguza hata ule mwanga kidogo uliopo. Nenda kliniki ya macho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Taa nazo zipimwe. Jioni hii simamisha gari mbele ya ukuta, uwashe taa kubwa na ndogo. Globu moja ikiungua, badilisha zote mbili, maana umri wao mara nyingi ni mmoja. Kioo cha taa kilichogeuka njano kwa jua king'arishwe, la sivyo hata globu mpya haitasaidia.

Wazazi, mnakagua sare, begi na chakula cha mtoto. Basi la shule likifika alfajiri kabla hakujapambazuka, kagueni na taa zake. Ikiwa moja haiwaki, mwambieni dereva kwa heshima, kisha mpigieni simu mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Mkijibiwa kuwa itabadilishwa Jumamosi, msikubali. Kabla ya Jumamosi kuna alfajiri kadhaa, na globu ni nafuu mno kuliko chuma cha kuunga mfupa wa paja.