Kusaga pasipo unga: uchovu wa vijana wetu katika michezo ya simu



Wiki chache zilizopita mama mmoja wa kwaya yetu alikuja nyumbani jioni pamoja na mwanawe wa miaka 19. Akasema: “Baba Pasta, mtoto huyu halali. Usiku mzima yuko na simu, mchana anasinzia darasani, na mtihani wa mwisho umekaribia.” Nilikuwa nimeshaandaa maonyo. Lakini kijana akanitangulia: “Hata mimi nimechoka, Pasta. Mchezo wenyewe haunipi raha tena. Ila nikiacha leo, vyote nilivyokusanya vitakuwa bure.”

Maneno hayo yamekaa nami. Tumezoea kuhubiri kwamba vijana wanapenda mno michezo ya simu. Huyu alisema jambo lingine: haupendi tena, na bado hawezi kuuacha. Tukitaka kuwasaidia vijana wa makanisa yetu, inafaa tujue kwanza uchovu huo unatoka wapi.

Mchezo unaokataa kwisha

Mpira wa miguu una dakika 90. Kisolo kinakwisha kete zikiliwa. Lakini kuna aina ya michezo ya intaneti ambayo mchezaji anaingia kama mtu mwingine, askari au mwindaji, anamkuza hatua kwa hatua, anamvika silaha, anatembea naye katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wachezaji wengine. EverQuest ilitoka mwaka 1999, na World of Warcraft mwaka 2004; zote mbili zinachezwa hadi leo.

Mwanzoni kuna hadithi, kuna nchi mpya za kugundua. Kisha siku moja mchezaji anafika daraja la juu kabisa. Hadithi imekwisha. Hapo mchezo wa kawaida ungemwambia: umeshinda, nenda nyumbani. Lakini kampuni inaishi kwa malipo ya kila mwezi, au kwa vitu inavyouza ndani ya mchezo, na mchezaji akienda nyumbani fedha zinakwenda naye. Kwa hiyo anapewa kazi. Ataingia pango lile lile wiki hii na wiki ijayo, ataua mnyama yule yule mara mia, akitumaini kwamba safari hii ataangusha upanga unaotafutwa. Upanga hutoka kwa bahati tu. Kila siku kuna kazi ndogo za kumaliza, na anayekosa siku anaachwa nyuma na wenzake.

Michezo ya simu imejifunza mbinu hizo. Kuna zawadi ya kufungua mchezo kila siku, na ukikosa siku moja hesabu inarudi mwanzo. Kuna misimu: katika mchezo kama Free Fire, ambao vijana wengi wanaujua, vyeo hushushwa kila msimu mpya unapoanza, na mchezaji anapanda tena mlima aliokwisha kuupanda.

Mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner alionyesha zamani kwa njiwa kwamba ndege anayepata chakula kwa nyakati asizoweza kuzikisia hudonoa kwa muda mrefu zaidi kuliko yule anayejua chakula kitakuja lini. Kijana wa mama wa kwaya hakuwa mvivu. Alikuwa amefungwa na hesabu zilizopangwa na watu wenye akili nyingi kuliko zake na zangu.

Wachezaji wa Kiingereza wana jina la kazi hiyo ya kurudiarudia: wanaiita kusaga. Nilipolisikia, nilimkumbuka Samsoni. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 16, kinaeleza jinsi Wafilisti walivyomng'oa macho, wakamfunga kwa shaba, wakamtia gerezani Gaza ili asage. Mtu aliyepewa nguvu kwa ajili ya wokovu wa watu wake anazungusha jiwe mahali pamoja. Anatembea siku nzima na hafiki popote, na unga si wake.

Pale mchezo unapogeuka kibarua

Wengine wanasaga ili wale. Nchi ya Venezuela ilipoanguka kiuchumi, kuanzia mwaka 2017 hivi watu wengi huko walikaa saa nyingi wakiua majoka wa kijani katika mchezo wa RuneScape na kuuza dhahabu ya mchezo kwa dola halisi. Katika Ufilipino, mwaka 2021, watu wengi waliokosa kazi kwa sababu ya Korona waliingia Axie Infinity, mchezo uliotengenezwa Vietnam. Wasio na mtaji walikopeshwa wanyama wa mchezo na wenye mali, wakagawana mapato nao, kama vile mvuvi wetu anavyogawana samaki na mwenye mtumbwi. Kisha thamani ya sarafu ya mchezo ikaanguka, na mwezi wa Machi 2022 wezi wa mtandao wakaiba humo zaidi ya dola milioni 600.

Kwetu Afrika wimbi lilikuja mwaka 2024. Hamster Kombat ilianza mwezi wa Machi ndani ya Telegram: kazi ni kugonga kioo cha simu kwa kidole, tena na tena, ukingojea siku sarafu itakapotolewa. Kampuni ilidai wachezaji milioni 300. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 26 Septemba 2024. Wengi waliogonga kwa miezi walipata dola chache tu, na wengine hawakupata kitu. Tukitoa bei ya mega na ya kuchaji simu, sijui kama kuna aliyebaki na faida ya kununua kilo moja ya dagaa.

Uchovu una jina

Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni 3: mtu ameshindwa kujitawala, mchezo umepewa nafasi kuliko shughuli nyingine zote, na anaendelea ingawa anaona unamharibu. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 ndipo mganga aseme ni ugonjwa. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa kila kijana mwenye simu. Wengi wanacheza, wanacheka, wanalala.

China ilichukua njia ya amri. Tangu Septemba 2021 mtoto aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa kucheza mtandaoni saa 1 tu, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 3, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna serikali ya kufuatilia kila simu, na sidhani amri peke yake ingetosha. Inabaki swali: kijana anatafuta nini huko?

Tazameni mji wetu. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilicholisha familia nyingi hapa, kimefungwa miaka mingi. Kijana anamaliza shule, anaweka diploma ndani ya sanduku, anangoja. Katika mchezo, akifanya kazi leo anaona alama leo, anapandishwa cheo, wenzake wanamwita kwa jina wakimhitaji. Mchezo unampa mambo 3 ambayo mji unamnyima: hatua inayoonekana, wenzake, na kuhitajiwa. Tukimnyang'anya simu bila kumpa hata moja kati ya hayo, tumemwacha mtupu, naye ataazima simu ya jirani.

Ziwa nalo linapumzika

Nchi 4 zinazozunguka ziwa letu Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi 3 kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae. Wavuvi wengi wamelalamika, na malalamiko yao yana haki, kwa maana watoto wanakula kila siku. Lakini sababu yake kila mvuvi anaielewa: ziwa lisilopumzika litakwisha. Kama maji yanahitaji pumziko, si zaidi nafsi ya mtoto?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, Mungu anawapa Israeli Sabato na kuwakumbusha kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa ndiye asiye na siku ya kuacha. Mchezo unaomwambia kijana “ukikosa leo utapoteza yote” umemrudisha kwa Farao, hata kama una rangi nzuri na muziki.

Na sisi wachungaji tujipime kabla ya kurusha jiwe. Je, kanisani kwetu hakuna kusaga? Kwaya inafanya mazoezi kila jioni, kesha linafuata kesha, mchango unafuata mchango, na kijana akikosa mara moja anatazamwa kama aliyerudi nyuma. Tukimfundisha kwamba Mungu naye anahesabu siku alizokosa, tutakuwa tumemhamisha tu kutoka jiwe moja kwenda jiwe lingine.

Ninashauri mambo machache. Mzazi aanze kwa kuuliza: “Bado unaufurahia?” Jibu la kweli litafungua mlango ambao ukali huufunga. Kijana aandike katika daftari, wiki 2, saa na faranga zinazokwenda katika mchezo. Hesabu yake mwenyewe itamhubiri kuliko mimi. Usiku simu zote za nyumba zilale mahali pamoja, ya baba nayo ikiwemo. Na kila kanisa liwape vijana kazi yenye mwisho unaoonekana: kutengeneza madawati, kulima shamba la wajane, kumfundisha mtoto mmoja kusoma hadi ajue. Kazi ikiisha, tushukuru na tupumzike.

Yule kijana hajashinda bado. Daftari lake lilimwonyesha kwamba katika wiki 2 alitumia kwa mega fedha ambazo zingelipa sehemu kubwa ya gharama za mtihani. Alinyamaza muda mrefu. Sasa usiku simu inalala kwa mama yake, na Jumamosi anacheza kidogo na rafiki zake. Juzi aliniambia kwamba msimu mpya umeanza na cheo chake kimeshushwa. Nikamwuliza anajisikiaje. Akasema: “Nililala, Pasta.”

Bwana awape raha nyumbani mwenu.