"Hendsamu" katika posa zetu



Msimu wa karafuu ukishapita, hapa Pemba harusi huwa nyingi, na toka Konde hadi Mkoani washenga hawapumziki. Siku hizi swali la mwanzo wanalokabiliwa nalo, la binti na wakati mwingine la mama mtu, ni hili: "Huyo kijana ni hendsamu?" Hatulichukii neno kwa ugeni wake, kwani Kiswahili kimepokea mengi. Tunachokichukia ni kuulizwa hilo kabla ya sala yake na tabia yake, au badala yake.

Tena wenye neno hawakulifinya hivyo. Asili yake ni mkono, na zamani lilimaanisha kitu chepesi kushikika. Likaja likabeba ukarimu, na hadi leo Waingereza hulitumia kwa malipo manono. Na sisi? Kutokana na jamali ya Waarabu, yaani uzuri, tunayo jamala, nayo ni hisani na adabu ya mtu kwa mwenziwe. Katika Suratu Yusuf, subira ya Nabii Yaakub (A.S.) imesifiwa kwa uzuri huo huo, na Suratul Ahzab, aya ya 49, inaamrisha hata kuachana kuwe kwa uzuri. Talaka nayo ina jamali yake!

Hatusemi kwamba sura si kitu. Mtume (S.A.W.) alimwagiza Mughira bin Shu'ba (R.A.) akamtazame mchumba wake, na binti naye ana haki ya kumtazama anayemposa. Uzuri umo katika mambo manne anayoolewa mwanamke kwayo, ila tuliloagizwa kulishika ni dini. Wazazi wa vijana wa kiume nao walisikie hili.

Imam Ahmad amepokea habari za Julaybib (R.A.), sahaba asiyejaaliwa sura ya kuvutia. Mtume (S.A.W.) alimposea binti wa Kiansari. Wazazi wakasita, binti mwenyewe ndiye aliyekubali. Barua ya kijana kama huyo ingepokelewa katika nyumba ngapi za Wete leo? Alipouawa vitani, kama alivyopokea Imam Muslim, alikutwa kando ya maadui saba aliowaua. Mtume (S.A.W.) akatamka kwamba huyu ni wake, naye ni wa huyu, kisha akambeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kaburi likachimbwa.