Haidrojeni ianze kwa mbolea, malori yasubiri

KILA bei ya dizeli inapopanda, mkulima wa viazi kule Nyandarua hupigwa mara mbili. Lori linalopeleka mazao yake sokoni huongeza nauli, na lile linaloleta mbolea kutoka bandari ya Mombasa huongeza pia. Ndiyo maana habari za malori yasiyotumia dizeli hata tone zinawavutia wengi. Lakini kabla ya kushangilia, tupige hesabu.

Malori hayo huendeshwa kwa haidrojeni. Gesi hujazwa kwenye mitungi, kisha ndani ya seli maalumu hukutana na oksijeni ya hewani na kuzalisha umeme unaozungusha magurudumu. Hakuna moshi, kinachotoka ni maji tu.

Hii si ndoto. Kampuni ya Hyundai ilikabidhi wateja wa Uswisi malori ya kwanza ya aina hii Oktoba 2020. Mitungi ikijaa, lori husafiri takriban kilomita 400. Hata hivyo, si kupenda hewa safi pekee kulikowavuta Waswisi. Lori la dizeli nchini humo hutozwa ada kubwa kwa kila kilomita, na yale yasiyotoa moshi yalisamehewa. Huko Marekani, kampuni ya Nikola iliyokuwa ikiunda malori kama hayo ilitangaza kufilisika Februari 2025.

Sasa tuje kwetu. Kupata kilo moja ya haidrojeni kutoka kwa maji huhitaji yuniti 50 hivi za umeme. Lori zito hula takriban kilo nane kwa kilomita 100. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, yapata kilomita 480, itakula karibu kilo 40, yaani yuniti 2,000. Zaidi ya nusu ya umeme huo hupotea gesi inapotengenezwa, inaposhindiliwa mitungini na inapogeuzwa kuwa umeme tena. Lori la betri hupoteza umeme kidogo sana likilinganishwa na hilo.

Kilo hizo 40 zina kazi nyingine. Zikiunganishwa na naitrojeni ya hewani hutoa amonia, ambayo ndiyo msingi wa mbolea za kukuzia. Zinatosha kutoa naitrojeni sawa na ya mifuko minane ya yurea ya kilo 50. Safari moja ya lori, au mifuko minane ya mbolea. Wewe mkulima ungechagua nini?

Hatujasahau mwaka wa 2022, mfuko wa DAP ulipopita Sh6,000. Mbolea tunaagiza kutoka ng'ambo, na amonia yake hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia. Gesi ikipanda bei huko, shamba la hapa hulia. Ilhali tuna mvuke wa Olkaria, na usiku wateja wa umeme hupungua.

Watakaosema malori yanachafua hewa hawakosei. Lakini lori lina njia nyingine: reli kwa safari ndefu, betri kwa safari fupi. Naitrojeni ya viwandani haipatikani bila haidrojeni.

Mkakati wa haidrojeni uliozinduliwa na serikali Septemba 2023 uliitanguliza mbolea. Hapo serikali ilifanya vyema. Vyama vya ushirika visikae kimya wakati mikataba ya viwanda hivyo inapoandikwa. Viulize mapema: mfuko utamfikia mkulima kwa bei gani?