Mgombea 'wa kuja': Bryceson na swali la Mgori

Kila uchaguzi unapokaribia, vijiweni hapa Mgori swali huwa lilelile: huyu ni wa hapa au ni wa kuja? Katiba haiulizi hivyo. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyefikisha miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama chake. Mahali alipozaliwa hapatajwi.

Tumkumbuke Derek Bryceson. Alizaliwa China mwaka 1922 kwa wazazi Waingereza. Akiwa rubani wa kivita katika Vita Kuu ya Pili ndege yake ilidunguliwa, na madaktari wakamwambia hatatembea tena. Akajifunza upya, kwa mkongojo. Baada ya vita alikwenda kulima Kenya, kisha akahamia Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Mwaka 1958 alichaguliwa kwa kura tatu, utaratibu wa mkoloni uliomlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kupiga kura ilikwenda kwa mwenye elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka au cheo fulani. Wakulima wengi wa mtama na uwele wa huku Singida waliachwa nje. TANU ilimuunga mkono Bryceson, ingawa kadi yake hakuruhusiwa kuwa nayo; wakati huo ilikuwa ya Waafrika tu.

Ushindi huo, kwa maoni yetu, hauthibitishi mengi, kwani kiti chenyewe kilitengewa Mzungu.

Mtihani ulikuwa 1965. Viti vya rangi vilishafutwa, wagombea wawili wa TANU wanashindana, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Bryceson akashinda Dar es Salaam. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi na mzaliwa wa Mwanza, akashinda Morogoro. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, Msukuma aliyejenga vyama vya ushirika vya pamba, akaangushwa Mwanza, kwao kabisa.

Bryceson aliongoza Wizara ya Kilimo hadi 1972, akahamia Hifadhi za Taifa, na kufariki 1980. Wapiga kura wa 1965 walijua fika alikotoka. Walikuwa na maswali mengine ya kumuuliza.