Mlango: Kuingia Kuna Hodi, Kutoka Kuna Nini?



Tangu ulipoamka alfajiri ya leo umekwisha kupita milango mingapi? Bila shaka hukuihesabu. Wa chumbani, wa ukumbini, wa msalani, wa uani, pengine na wa kanisani au wa dukani ulikonunua gazeti hili. Yote umeivuka bila kuifikiria, kama mtu avutavyo pumzi pasipo kukumbuka kwamba ana mapafu. Hata hivyo, kitu hiki tunachokiona duni kimewashughulisha wanazuoni wa fani nyingi. Kila fani imeutazama mlango kwa jicho lake. Juma hili nakualika tuwafuate wataalamu hao mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mwisho wa safari hiyo pana swali linalozihusu nyumba zetu, wewe kwako na mimi kwangu.

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili mlango si ubao na bawaba tu. Ukoo una milango yake, na ndugu waliotokana na babu mmoja husemwa kuwa ni wa mlango mmoja. Bahari ina mlango pale maji yapitapo katikati ya nchi kavu mbili. Vitabu vingi vya zamani vilihesabu milango pale ambapo leo tunahesabu sura. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango ya fahamu. Naye apataye kazi kwa hila husemwa kuwa amepitia mlango wa uani. Katika maneno yote hayo wazo ni moja: mlango ni mahali pa kupitia. Kizuiacho ni ukuta. Mlango uliwekwa kwa sababu nyumba yenye kuta tupu ingelikuwa kaburi. Tulishike neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Wanahistoria na wataalamu wa sanaa wamevutwa zaidi na milango ya nakshi ya pwani yetu. Yeyote aliyetembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, au vya mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, ameiona: mbao mbili nzito za mvule, mbambakofi au msaji, mfaa uliochongwa katikati, miimo yenye maua na minyororo, na aghalabu maandishi ya Kiarabu juu yake. Mtaalamu husoma humo safari za watu. Milango ya namna ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Baadaye, katika karne ya 19, ikaenea ile yenye tao la nusu duara, ambayo inaonyesha mkono wa watu wenye asili ya Bara Hindi. Misumari mikubwa ya shaba nayo husemwa kuwa ilitoka huko, ambako iliwekwa ili tembo wa vita wasiyavunje malango. Unguja hapakuwa na tembo wa vita. Misumari ikabaki kuwa pambo na alama ya utajiri. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake juu ya Unguja kilichochapishwa mwaka 1872, alieleza kwamba lango likiwa kubwa na kufuli likiwa zito, ndivyo cheo cha mwenye nyumba kilivyohesabiwa kuwa kikubwa. Kwa maneno mengine, fahari ya mlango ule ilielekezwa kwa mtu aliye barabarani.

Wataalamu wa mila nao hawakushughulika sana na mbao. Wao walikitazama kizingiti. Mwaka 1909, huko Ufaransa, Arnold van Gennep alichapisha kitabu mashuhuri juu ya mila za kuvuka kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine: kuzaliwa, kutiwa jandoni, kuoa, kufa. Alionyesha kwamba katika jamii nyingi kuvuka kizingiti ni kuingia katika hali mpya. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kulithibitisha hilo. Katika arusi za pwani bwana arusi hutakiwa kutoa kifungua mlango kabla ya kuruhusiwa kumwona mkewe. Na kila siku, mjini na shamba, mgeni hupiga hodi. Mgeni mwenye adabu husimama kando ya mlango badala ya kukodoa macho ndani. Akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, huenda zake. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliifanya adabu hiyo kuwa sehemu ya jengo: mlangoni pana daka la kupokelea watu, na njia ya kuingilia hupinda ili mpita njia asione yaliyomo ndani.

Waganga na wataalamu wa afya wamemwangalia mgeni mwingine, asiyepiga hodi, naye ni mbu. Utafiti uliofanyika nchini Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, na kuzibwa upenyo chini ya paa, ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto waliolala humo walipungukiwa na ugonjwa wa upungufu wa damu. Ni funzo jema kwa kila mzazi.

Lakini hebu tusimame kidogo. Mwanahistoria, mtaalamu wa mila na mganga, wote watatu, wametuonyesha mtu, au mdudu, aliye nje atakaye kuingia. Je, yule aliye ndani atakaye kutoka amefikiriwa na nani?

Amefikiriwa na wengine, na tuanze na wanasaikolojia. Yamkini umewahi kutoka ukumbini kwenda chumbani kuchukua kitu, ukafika na kusahau ulichokifuata. Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walilichunguza jambo hilo na kutangaza matokeo yao mwaka 2011: waliovuka mlango walisahau zaidi kuliko waliotembea umbali ule ule ndani ya chumba kimoja. Akili, walisema, huyafunga mambo ya chumba kilichoachwa na kuanza ukurasa mpya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bond, Australia, wakapunguza uzito wa kauli hiyo: waliona kwamba athari hutokea hasa akili inapokuwa imelemewa na mambo. Basi fikiri, msomaji: ni wakati gani akili hulemewa kuliko usiku wa manane, moshi umejaa na watoto wanalia? Huo ndio wakati ambao watu wengi hutazamia kukumbuka ufunguo ulitundikwa wapi.

Mmarekani Donald Norman aliandika mwaka 1988 juu ya vyombo vya kila siku vinavyowatatiza watu, na milango ilikuwa miongoni mwa mifano yake mashuhuri. Hoja yake ni nyepesi: mlango mzuri humwonyesha mtu wenyewe jinsi unavyofunguliwa. Ukiweka mkono wa kuvutia pale panapotakiwa kusukumwa, kosa si la mpitaji bali ni la aliyeutengeneza. Katika siku ya amani kosa hilo huleta kicheko. Katika siku ya hatari huleta msiba.

Fizikia inaeleza kwa nini. Mwambie mwanao wa shule ausukume mlango karibu na kitasa, kisha ausukume karibu na bawaba. Ataona kwamba nusu ya umbali hudai nguvu maradufu. Ndiyo sababu kitasa huwekwa mbali na bawaba. Sasa mlango ufungukao kwa ndani humtaka mtu arudi nyuma ili auvute. Mtu mmoja aweza. Watu 100 wanaosukumana hawawezi, kwa kuwa walio nyuma hawajui kinachowapata walio mbele, na uzito wao wote huubana mlango usifunguke.

Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, mamia ya watoto waliokuwa ghorofani waliteremka mbio baada ya kusikia kwamba chini zinagawiwa zawadi. Mlango wa chini ya ngazi ulifungukia upande wao, tena ulikuwa umekomewa kwa namna iliyoacha upenyo wa mtoto mmoja tu. Hapakuwa na moto wala moshi. Walikufa watoto 183. Msiba huo ndio uliochochea kutengenezwa kwa komeo la kusukuma, ambalo mwili ukiliegemea tu mlango hufunguka. Robert Alexander Briggs alilipatia hataza mwaka 1892. Tarehe 28 Novemba 1942, mjini Boston, Marekani, moto uliiteketeza klabu ya Cocoanut Grove. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msongamano. Milango mingine ilikuwa imefungwa au ilifungukia ndani. Walikufa watu 492.

Usiseme, msomaji, kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani. Nchini Kenya, mwaka 1998, zaidi ya wasichana 20 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, na mwaka 2001 wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli. Katika misiba yote miwili palikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Baada ya machozi hayo Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama mashuleni mwaka 2008: mlango wa bweni ufungukie nje, usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani, pawe na milango katika ncha zote mbili na njia ya dharura katikati, na madirisha yasiwekwe nondo. Lisome tena agizo hilo, ndugu msomaji, uone kwamba halina kitu cha gharama kubwa. Kubadili upande wa bawaba ni kazi ya fundi seremala ya siku moja.

Nasi je, majumbani? Katika miji yetu hofu ya wezi imetufanya tuzizungushie nyumba chuma. Madirisha yote yana nondo. Mlango wa mbao una mwenzake wa chuma. Na juu yake kufuli. Simlaumu mtu. Mwizi yupo, na baba wa nyumba ana wajibu wa kuilinda jamaa yake. Lakini chuma hakimjui mwizi wala mwenyewe. Kimzuiacho mwizi asiingie saa nane za usiku ndicho kiwazuiacho watoto wasitoke saa hiyo hiyo.

Yuko pia mama atokaye alfajiri kwenda kuuza mandazi, akawafungia watoto ndani kwa kufuli la nje. Yuko mwajiri aondokaye na ufunguo akamwacha mtumishi wa nyumbani kama mfungwa. Wa kwanza hana mtu wa kumwachia watoto. Ufunguo wake na ukae kwa jirani, na jirani asikatae kuupokea. Wa pili hana udhuru wowote.

Kwa hiyo, leo jioni familia na ikae pamoja itazame mambo machache. Mlango mnaoukimbilia unafunguka kutoka ndani bila ufunguo? Komeo au kipingo kizuri ni bora kuliko kufuli la ndani. Ikiwa ni lazima pawe na kufuli, ufunguo na utundikwe mahali pamoja kila usiku, jirani na mlango, mbali na mkono wa mtu aliye dirishani lakini karibu na mkono wa mtoto mkubwa. Nondo za dirisha moja la kila chumba cha kulala zaweza kutiwa bawaba na komeo la ndani. Pikipiki inayoingizwa ndani usiku, mtungi wa gesi na magunia visiwekwe kwenye njia ya mlango. Mlango wa chumba cha kulala ufungwe bila kutiwa ufunguo, kwa kuwa mlango uliorudishwa huchelewesha moto na moshi. Na mkisikia harufu ya kuungua, gusa kwanza mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto usiufungue, tafuta njia nyingine.

Kisha zimeni taa, wazee kwa watoto, kila mmoja atafute njia ya kutoka gizani. Watoto watacheka na kuona ni mchezo. Waacheni wacheke, lakini mpime ni muda gani umepita hadi wa mwisho afike uani.

Watu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Wahenga hao hao ndio waliosema: tahadhari kabla ya hatari. Mafundi wa pwani walituachia milango inayomheshimu mgeni aliye nje. Sisi tumebakiwa na deni la kumfikiria mtoto aliye ndani, na deni hilo lalipwa kwa komeo moja na dakika chache za jioni ya leo.

Tukutane Jumapili ijayo.