Zege Lililooza Haliponywi kwa Viraka

Mtambo wa kusafishia maji machafu haufungwi kama kiwanda kifungwavyo siku ya sikukuu. Maadamu mji unaoga, unapika na kufua, maji hayo huja usiku na mchana. Kwa sababu hiyo kuta za zege za mtambo zinapoanza kumomonyoka, wakuu wengi huona heri kupaka saruji mpya juu ya ile ya zamani na kuendelea na kazi. Njia hiyo ni nafuu kwa leo tu.

Zege hilo haliharibiwi na uzee peke yake. Huliwa na viumbe hai. Ndani ya utelezi ulio chini ya maji, mahali pasipo oksijeni, bakteria huzigeuza salfeti kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hupanda, hasa mahali maji yanapotibuka, ikatua juu ya dari na kuta zenye unyevu. Huko bakteria wa aina nyingine huifanya asidi ya salfuriki. Mnamo 1945 C. D. Parker, mtafiti wa Melbourne, Australia, alichapisha habari za kumtenga bakteria wa namna hiyo kutoka katika zege lililoharibika. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13. Asidi hiyo huweza kuishusha pH ya uso wake hadi 2 au chini yake, na chokaa iliyomo katika saruji ikageuka jasi laini isiyo na nguvu. Basi si ajabu kuta kuwa nzima chini ya maji na mbovu juu yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa zege lililooza hauzibwi kabla ya kuchimbuliwa. Sehemu yote iliyolainika huondolewa, mara nyingi kwa maji yenye shinikizo kubwa, hadi zege gumu lionekane. Hapo kemia ya darasani hufaa: fenolfthalini, kiashirio kinachojulikana na wanafunzi, hugeuka rangi ya waridi juu ya zege zima, wala haibadiliki juu ya lile lililopoteza alkali yake. Nondo zenye kutu husafishwa au hubadilishwa. Ndipo hutiwa zege jipya, nalo hukingwa kwa utando wa epoksi au kwa saruji ya alumina ya kalsiamu, inayostahimili asidi kuliko saruji ya kawaida.

Kazi hiyo yote hudai tangi lililo kavu. Mtambo wenye matangi mawili yaliyo sambamba huweza kufunga moja, hasa wakati wa kiangazi. Wenye tangi moja hulazimika kukodi pampu na mabomba ya kuyazungusha maji. Kwa hiyo mhandisi anayefuta tangi la pili katika ramani ili kupunguza gharama hapunguzi kitu. Anawaachia deni watakaokuja.

Deni hilo huweza kulipwa kwa roho za watu. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, na inapozidi huua hisi ya kunusa kabla ya kumwua mtu. Basi kutosikia harufu si dalili ya usalama. Asiingie mtu tangini bila kipimo cha gesi, hewa safi inayopulizwa, kamba, na mlinzi aliye nje.

Watasemao kwamba fedha ni haba wana haki ya kujibiwa. Uhaba ndio sababu ya kutotumia fedha mara mbili. Maadamu gesi inazaliwa, ukuta mpya nao utaliwa. Yafaa kuondoa tope lililotuama, kuingiza hewa majini, au kutia chumvi za chuma ili kuinasa salfaidi. Aidha, fungu la matengenezo liwekwe tangu siku mtambo unapofunguliwa, wala lisisubiri nondo zianze kuonekana.